Mteja wa Gauni la Bluu

Chumba cha cherehani,
4 Machi

Kwako mdogo wangu, Daktari wa Mboga,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha kifungo cha suruali yangu ya kijivu, kilichotokea ghafla jana asubuhi nilipoinama kuokota mkasi. Marehemu alikuwa mtumishi mwaminifu aliyebeba mzigo mzito bila kulalamika. Aliruka, akagonga kioo, akamkosa chupuchupu bwana aliyekuwa anajaribu koti, akapotelea chini ya kabati. Ameacha mjane, tundu, na yatima mmoja, zipu, ambaye hali yake si ya kutegemea. Wifi yako alipopata taarifa hakutoa chozi. Alisema, "Nilijua tu. Kilikuwa mahututi tangu mwaka jana."

Baada ya msiba huo, salamu. Sisi hatujambo. Paa la jikoni nimeliziba mwenyewe. Zamani lilikuwa linavuja mahali pamoja; sasa tuna nafasi ya kuchagua. Wifi yako anakusalimu na anauliza kama shemeji bado anakoroma.

Mama hajambo. Nimeambatisha picha yake, amekaa barazani na lile gauni la bluu. Tazama linavyomkaa, utadhani nimelishona jana.

Sasa neno lenyewe. Wewe ndiye unayewaambia wagonjwa huko hospitalini wale nini na waache nini. Niambie: mtu akiwa amekaa tu, hafanyi lolote, mwili wake unatumia chakula kiasi gani? Mimi kutwa nzima niko kitini, kinachofanya kazi ni mguu mmoja. Nataka kujua haki yangu kabla kifungo cha pili hakijafuata. Umri unaujua, hamsini na nne. Urefu sentimita mia moja sabini na moja. Uzito, tuseme, themanini na nne. Nipe na njia ya kukokotoa, maana kuna mteja wangu mmoja, mwanamke mtu mzima, angependa kujua na yeye.

Usipige simu kwa jambo hili. Simu ya nyumba hii ikilia, watu wote wanageuka masikio. Tuandikiane, kama tulivyozoea tangu ulipokuwa bwenini.

Kaka yako,
Fundi


Ofisi ya lishe,
21 Machi

Kaka,

Poleni kwa msiba. Kinyozi hajinyoi, nilijua, lakini fundi cherehani kuzikwa na kifungo chake mwenyewe ni habari mpya.

Huku tu wazima. Shemeji yako bado anakoroma, mwambie wifi. Zaidi ya hapo amenunua baiskeli kwa ajili ya afya. Hajaipanda hata siku moja, ila anaiosha kila Jumamosi, na kweli anatoka jasho. Kazini wameniletea matunda ya plastiki ya kufundishia wagonjwa. Jana nimekuta tufaha lina alama za meno. Sijamuuliza mtu.

Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Mtu anayepumzika hapumziki. Umelala, lakini moyo unapiga, mapafu yanavuta pumzi, ini na figo ziko kazini, na ubongo, hata wa kwako, unadai fungu lake. Mwili ni kama duka: hata wateja wasipoingia, taa zinawaka. Huo mwanga nao una gharama yake, na tunaihesabu kwa kalori.

Njia ni hii. Chukua uzito kwa kilo, zidisha kwa kumi. Chukua urefu kwa sentimita, zidisha kwa sita na robo. Jumlisha. Halafu toa umri mara tano. Mwanamume anaongeza tano. Mwanamke anatoa mia moja sitini na moja. Usiniulize kwa nini tunapunjwa, hesabu sikuitunga mimi. Wewe unapata kama kalori elfu moja mia sita na arobaini kwa siku, bila kunyanyua hata uzi. Hayo ni makadirio, si hukumu ya mahakama. Na yanategemea uzito wa kweli, kaka, si ule wa heshima.

Picha nimeiweka mezani. Mama amependeza. Nikuulize jambo: huwa ananiulizia? Nikipiga simu anasema "nzuri, nzuri", kisha anakukabidhi wewe. Amekuwa wa maneno mawili tangu nilipompeleka kutengenezewa yale meno mwaka jana. Unakumbuka alivyogoma: "Meno yangu yaliondoka kwa hiari yao, mimi sikuyafukuza!" Nikamlazimisha. Kama nilimkosea, niambie.

Huyo mteja wako ana umri gani?

Mdogo wako


Chumba cha cherehani,
9 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Wifi yako nilimsomea hesabu yangu mezani kwa sauti ya mtu aliyepandishwa cheo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi hizo ni za kukaa bure. Za kula bure ni ngapi?" Shemeji mpe pole kwa baiskeli.

Kuhusu swali lako la Mama, huku mvua zimekuwa nyingi sana.

Mteja wangu ana miaka sabini na minne. Urefu sentimita mia moja hamsini na saba, nimempima mwenyewe. Uzito sijui kwa hakika, nilipogusia mizani aliniambia, "Mimi si gunia." Lakini fundi anayemshonea mtu miaka yote hii anaweza kubuni. Nasema sitini.

Chakula chake kwa siku ni nusu kikombe cha chai, uji vijiko vitatu, ndizi nusu iliyopondwa, na mchuzi kidogo bila vipande. Ukimwongezea anasema ameshiba, anageukia ukutani. Siku nyingi yuko kitandani, kwa hiyo nikawaza labda hahitaji zaidi. Gari lililoegeshwa halinywi mafuta. Au siyo?

Kaka yako


Ofisi ya lishe,
24 Aprili

Kaka,

Salamu kwako na kwa wifi. Sisi wazima, mvua huku pia ipo, nayo haijibu maswali.

Mtu si gari, kaka. Haegeshwi akazimwa. Mteja wako, kama kweli ana kilo sitini, anatumia kalori elfu moja na hamsini kwa kulala tu. Nimejumlisha ulichoandika, nikakipendelea, uji nikaufanya mzito na chai nikaitia sukari ya kutosha. Hakifiki nusu. Anachokula hakimtoshi hata kulala. Kinachobaki mwili unakichukua kwenye akiba yake: kwanza mafuta, halafu nyama ya mwili. Kwa mtu wa umri huo akiba si kubwa.

Naomba mambo mawili. Apelekwe kwa daktari, na apimwe uzito, hata kwa hila. Kubuni kwa macho kunatosha kwa suruali.

Namfahamu mwanamke mmoja wa miaka sabini na minne, mfupi kidogo kuliko mimi, anayesema yeye si gunia. Sikuulizi jina la mteja wako. Naona hutaki nijue, na mimi nina sababu zangu za kuogopa kuambiwa.

Msalimie. Mwambie gauni la bluu limempendeza.

Mdogo wako


Chumba cha cherehani,
13 Mei

Mdogo wangu,

Hatujambo. Paa limepata mahali pa tatu.

Mteja tulimpeleka kwa daktari. Damu wamepima, kifua wamesikiliza, tumbo wameminya. Daktari akasema haoni ugonjwa, ni uzee, ale anachokipenda. Mteja akamjibu, "Asante baba," na hakula.

Sasa uzito. Niliazima mizani ya bafuni kwa mwalimu jirani, nikaificha chini ya mkeka mlangoni pa chumba chake. Nikajipima kwanza mimi. Hapa naomba tusizungumze sana: tisini na moja. Zile themanini na nne zilikuwa kweli wakati fulani.

Kisha nikaingia nikamwambia mteja, "Leo kuna jua zuri, nikubebe nikupeleke barazani." Akasema, "Miguu yangu imekwenda wapi?" Nikamnyanyua kabla hajapata hoja ya pili. Nikasimama juu ya mkeka. Tatizo likawa moja: mteja alikuwa mikononi, na mizani iko chini yake, siioni. Tulikuwa tumejipanga. Wifi yako akapiga magoti, akakunja ncha ya mkeka, akachungulia.

Mteja akamwona. "Wewe, unatafuta nini miguuni kwa mume wako?"

"Sindano, mama."

"Sindano mtaitafuta mmesimama kama sanamu? Na wewe mwanangu, kama umechoka nishushe. Unahema."

(Aliniita mwanangu. Wateja wa siku hizi wana mazoea.)

Wifi yako aliinuka, akaniandikia kwa kidole kwenye ukuta wa chokaa. Mia moja thelathini na saba. Toa mimi. Arobaini na sita.

Nilidhani amekosea, nikataka arudie kusoma. Lakini nilikuwa nimeshambeba, na mikono ilishajua. Nimewahi kubeba majora ya kitambaa mazito kuliko vile.

Jioni nikafanya hesabu yako mwenyewe, mara kumi, mara sita na robo, toa, toa. Nimepata mia tisa na kumi. Kwa hiyo afadhali! Mahitaji yake yameshuka toka elfu moja na hamsini. Kama mwili unadai kidogo, basi pengo linazibika lenyewe, au siyo? Nilifurahi kidogo. Niambie kama nimekosea mahali.

Kaka yako


Ofisi ya lishe,
20 Mei

Kaka,

Salamu zitafuata.

Hukukosea hesabu, umekosea kufurahi. Namba imeshuka kwa sababu Mama amepungua. Mwili haudai kidogo kwa kuwa umeridhika. Unadai kidogo kwa kuwa uliobaki wa kudai ni mdogo. Ukiendelea hivyo utaona hesabu ikizidi kuwa nzuri mpaka siku asipokuwepo wa kuhesabiwa.

Nimejua ni Mama tangu barua ya Aprili. Sikuja kwa sababu niliogopa. Kwenye simu hataki kusema nami, wewe ukiulizwa unanijibu mvua. Nikajiambia, hanitaki, nikifika nitamharibia hata kile kidogo anachokula. Huo ni ujinga wa mtu aliyesoma. Nina wagonjwa arobaini ninaowajua wanakula nini, na mama yangu namjua kwa picha.

Nakuja Jumamosi. Usimwambie. Na usimshonee kitu kipya cha kunipokelea.

Mdogo wako


Ofisi ya lishe,
22 Juni

Kaka yangu,

Sasa salamu zote, pamoja na zile za Mei nilizokopa. Nimefika salama. Shemeji yako aliiosha baiskeli kwa heshima ya kurudi kwangu.

Bado naona uso wa Mama nilipoingia. "Umekonda," ananiambia mimi! Na ule uji niliouweka maziwa na karanga za kusaga, alivyoumaliza mara tatu kwa siku, wiki nzima, akitabasamu na meno yake yote. Niliporudi nilimwambia shemeji yako: tulihangaika na kalori bure, Mama hakuwa na njaa ya chakula, alikuwa na njaa yangu. Nimelia kwenye basi, nimeona aibu, nimelia tena. Endelea kumpa uji uleule.

Kuna jambo moja halinitoki. Ile picha ya Machi. Nimeitazama tena leo. Kazi yangu ni kutazama watu waliopungua, na pale sikuona kitu. Mabega yamejaa, kiuno kimekaa. Niliona nini? Nijibu, na usinipe habari za mvua.

Mdogo wako


Chumba cha cherehani,
14 Julai

Mdogo wangu mpendwa,

Wote tu wazima, na safari hii naandika hivyo baada ya kuhakikisha. Wifi yako amemwita fundi wa paa wa kweli. Sikualikwa kwenye mazungumzo. Tangazo la msiba sina. Nitakueleza mambo yalivyokuwa.

Mwishoni mwa mwaka jana Mama aliingia humu na gauni la bluu mkononi. Akasema, "Limepwaya. Lipunguze, na usimwambie mdogo wako." Sikuuliza kwa nini. Mteja akisema punguza, fundi anapunguza. Mwezi wa pili akaja tena. Kabla ya ile picha, akaja mara ya tatu, na safari hiyo nikaweka na pedi nyembamba mabegani, kwa kuwa gauni lilikuwa linaning'inia. Nikasimama nyuma ya kamera nikajisifu. Basi ulichokiona wewe ni mshono wangu. Daktari aliuona huohuo, na majirani, na mimi mwenyewe nilikuwa nauangalia nikisema Mama hajambo. Nilikuja kushtuka siku niliyompima kifua nikaona utepe unabaki mkononi. Ndipo nikakuandikia habari za kifungo.

Sasa kuhusu uji. Nilitaka nikuache na furaha yako. Wifi yako akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu ni ndugu yako, si mteja."

Kesho yake baada ya wewe kuondoka, niliingia na bakuli asubuhi. Mama alikuwa amegeukia ukutani, meno yakiwa kwenye glasi, anasukutua kwa maji ya chumvi. Maji yalikuwa mekundu.

"Mama, nini hiki?"

"Toka."

"Mama."

"Ameshapanda basi?"

"Tangu jana."

"Haya. Basi niache nipumzishe mdomo."

Nikamwomba afungue. Akafunika mdomo kwa shuka kama msichana. Nikamwambia nimembeba juu ya mizani nikihema kama ng'ombe, hakuna aibu iliyobaki kati yetu. Akafungua. Vidonda, mdogo wangu, huku na huku, vipya juu ya vya zamani. Nikamwomba ayavae meno, nikayagusa kwa kidole. Yakacheza. Yakaenda kushoto, yakarudi kulia. Mimi ni fundi. Kitu kikicheza hivyo juu ya mwili wa mtu, sihitaji kuambiwa.

"Mama! Yamepwaya!"

"Ndiyo yamepwaya," akasema. "Magauni ulipunguza. Meno nani angenipunguzia?"

Ndiyo maana simu zako zilikuwa "nzuri, nzuri". Neno refu likiingia, meno yanaruka. Si kwamba hakutaka kusema na wewe.

Nikamuuliza kwa nini asiyavue, ale kwa ufizi kama zamani. Akaniangalia kama mtu mpumbavu. "Niyavue, mwanangu aje anikute kibogoyo? Alinishika mkono kuanzia asubuhi mpaka jioni kwa ajili ya meno haya. Nikisema yananiumiza, atasikia ni yeye anayeniumiza."

Tukampeleka kwa fundi wa meno, mtu mpole, mikono midogo. Akatuambia ufizi hupungua meno yakishang'oka, na mtu akikonda ndiyo zaidi. Ilitakiwa arudi baada ya miezi michache yarekebishwe. Nilicheka peke yangu pale kwenye benchi. Kila mteja wangu namwambia: rudi tujaribu mara ya pili. Mama yangu mwenyewe tulimwacha na kitu cha kujaribiwa mara moja. Akayatia tabaka jipya kwa ndani. Kwa lugha yangu, akayatia bitana. Akatuambia tusubiri vidonda vipone.

Vilipopona, Mama aliomba ganda la mkate. Si mkate, ganda. Akafunga mlango. Mimi na wifi yako tukabaki ukumbini tumesimama kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Tukasikia kraa. Kimya. Kisha kraa nyingine. Wifi yako akanishika mkono, na ameniumiza kidole.

Kwa hiyo, uliposema alikuwa na njaa yako, hukukosea. Alimaliza ule uji na vidonda mdomoni, bakuli tatu kwa siku, wiki nzima, akitabasamu, kwa ajili yako. Ila sasa anakula kwa ajili yake, na nilitaka ujue tofauti. Mpigie simu. Atakuchosha. Ana maneno ya mwaka mzima.

Jumatatu alipanda mizani mwenyewe, nikiwa sijamwomba. Akasema, "Mimi si gunia, lakini hata gunia hupenda kujua limejaa kiasi gani." Kilo arobaini na tisa. Nimefanya hesabu: mia tisa na arobaini. Imepanda, na sasa najua lini nifurahi.

Na jana ameingia humu na gauni la bluu mkononi. "Linanibana," akasema, na akaliweka juu ya meza kama aliyeleta malalamiko.

Hapo kuna jambo moja ambalo sikumwambia hata wifi yako. Mara zote tatu nilipolipunguza, sikukata kitambaa. Mkasi nilikuwa nao, na fundi yeyote angekata ili mshono ulale vizuri. Mimi nilikikunja ndani nikashona juu yake, nikijiambia nitakata baadaye. Leo asubuhi nimelifumua upande mmoja. Kitambaa chote kimo humo.

Kaka yako,
Fundi